Vumbi la Kongwa litafika lote? Jitengenezee modeli ya hewa kwenye lahajedwali

Mwezi wa nane Dodoma upepo haukuulizi kama umeshaanua nguo. Unatoka mashariki, unapita Chamwino, unaingia mjini na kila ulichookota njiani. Jioni moja mwanangu, kajifunika uso kwa kanga ya mama yake, akaniuliza: "Baba, vumbi likinyanyuka Kongwa sasa hivi, hapa litafika saa ngapi?" Nikagawanya kichwani: kilometa 60, upepo wa kilometa 36 kwa saa. "Saa moja na dakika arobaini." Akakaa kidogo, akauliza tena: "Litafika lote?"

Swali la kwanza ni la darasa la sita. La pili linawaumiza vichwa watu wanaotengeneza modeli za utabiri wa hali ya hewa hadi leo. Mwongozo huu unakuonyesha kwa nini, na utaona kwa mikono yako mwenyewe. Huhitaji kompyuta kubwa wala kujua kuandika programu. Unahitaji lahajedwali, iwe Excel au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure, pamoja na saa mbili tulivu. Kwa simu inawezekana, ila vidole vitakulaumu.

Hatua ya kwanza: kata njia vipande

Hewa haina vipande, lakini kompyuta haijui kitu kisicho na vipande. Kwa hiyo tunachora mstari mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi na kuukata kila kilometa 10. Kilometa 0 ni jirani ya Kibaigwa. Kilometa 40 ni maeneo ya Mbande, 90 ni Dodoma mjini, 140 ni karibu na Bahi, na 200 tumeshafika upande wa Manyoni. Barabara ina kona zake, lakini upepo haufuati lami, basi tusigombane kwa kilometa mbili tatu.

Fungua karatasi mpya. Mstari wa 2 ni wa kilometa: andika 0 kwenye B2, 10 kwenye C2, endelea hivyo hadi V2 yenye 200. Dodoma itaangukia safu ya K. Utagundua nimeiweka mashariki kushoto, kinyume na ramani. Nimefanya hivyo ili upepo uende jinsi tunavyosoma. Ramani itanuna, jedwali litatii.

Safu ya A ni ya muda. Andika 0 kwenye A3, na kwenye A4 andika =A3+10. Hizo ni dakika.

Mstari wa 3 ndio hali ya mwanzo. Jaza sifuri kuanzia B3 hadi V3, kisha futa D3, E3 na F3 uweke 100 kwenye kila moja. Hilo ndilo wingu letu la vumbi, limetanda kati ya kilometa 20 na 40, jumla vipimo 300. Ikumbuke hiyo 300.

Hatua ya pili: kanuni moja tu

Upepo wetu ni mita 10 kwa sekunde, sawa na kilometa 36 kwa saa. Ni upepo wa kupeperusha bati lililolegea, lakini hesabu zake ni nyepesi. Kwa dakika 10 hewa inasogea kilometa 6. Kipande kina kilometa 10. Gawanya 6 kwa 10 upate 0.6, namba inayosema hewa imevuka sehemu gani ya kipande katika hatua moja ya muda. Iandike kwenye B1. Kama kompyuta yako imepangwa kutumia mkato badala ya nukta, andika 0,6. Nimeona mtu akihangaika nusu saa kwa sababu ya nukta hiyo.

Sasa fikiria uko kwenye kipande kimoja. Baada ya dakika 10, asilimia 60 ya hewa yako imeondoka kwenda kwa jirani wa magharibi, na nafasi yake imejazwa na hewa ya jirani wa mashariki. Kwa hiyo vumbi lako jipya ni lile la zamani, toa 0.6 ya tofauti kati yako na huyo wa mashariki. Kwenye B4 andika 0, maana hakuna vumbi jipya linaloingia. Kwenye C4 andika:

=C3-$B$1*(C3-B3)

Iburute hadi V4. Halafu chagua mstari wote wa 4, kuanzia A4, uuburute chini hadi mstari wa 40. Alama za dola ziko pale ili B1 isihame unapoburuta. Ukizisahau, jedwali litakupa namba za ajabu bila kulalamika, na hiyo ndiyo tabia mbaya kuliko zote za kompyuta.

Basi, umeshatengeneza modeli. Angalia jinsi kanuni inavyotazama upande upepo unakotoka tu, haiulizi chochote kwa jirani wa magharibi. Kuna watu huiona ni ya kizamani, lakini mimi huanza nayo kila mara kwa kuwa haina ujanja uliofichwa.

Hatua ya tatu: soma Dodoma

Nenda mstari wa 13, dakika ya 100. Hapo ndipo kwa hesabu yangu ya kugawanya wingu lilipaswa kuwa juu ya Dodoma. Kwa ukweli wa hesabu safi, safu za J, K na L zingekuwa na 100 kila moja, na kwingine kote sifuri. Jedwali lako linasemaje? Ukikadiria, J ina 56, K ina 67, L ina 59. Pembeni, I ina 35 na M ina 38, halafu H ina 16 na N ina 17, na mabaki madogo yametapakaa zaidi.

Wingu limefika kwa wakati, katikati yake ni Dodoma. Lakini limeyeyuka. Lilikuwa na kingo zilizonyooka kama tofali, sasa limekuwa kichuguu. Jumlisha mstari mzima wa 13 na utapata 300 ileile, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Kimetawanyika tu. Na hakuna upepo uliolitawanya. Ni sisi, kwa kukata njia vipande. Vumbi likishaingia ndani ya kipande, modeli haijui lipo mwanzoni au mwishoni mwake. Inalipaka kote, kama siagi kwenye mkate, na kila hatua inapaka upya.

Huu ni mtawanyiko wa kinamba. Haupo angani, upo kwenye karatasi. Modeli kubwa nazo zinao kwa namna yake. Mvua kali ya eneo dogo mara nyingi hutoka kwenye kompyuta ikiwa pana na laini kuliko ilivyonyesha. Utabiri ukisema mvua ya wastani mkoa mzima, halafu Chang'ombe ikafurika huku Nzuguni hata tone, sehemu ya sababu ndiyo hii.

Jaribu jambo moja kabla ya kuendelea. Weka 1 kwenye B1. Wingu linatembea kipande kimoja kila hatua, halibadiliki hata kidogo, 100 inabaki 100. Inapendeza, sivyo? Tatizo ni kwamba ili iwe 1 kila mahali, upepo lazima uwe uleule kila mahali, wakati wote. Hakuna siku kama hiyo.

Hatua ya nne: ivunje

Sasa tufanye makosa kwa makusudi. Tuseme tuna haraka na dakika 10 zinatuchosha, twende kwa dakika 20. Hewa itasogea kilometa 12 ndani ya hatua moja. Weka 1.2 kwenye B1, na A4 iwe =A3+20, uiburute chini upya.

Tazama mstari wa 4. D ina -20 na G ina 120. Vumbi hasi! Mstari wa 5, E ina -44 na H ina 144. Shuka hadi mstari wa 13: safu ya P, yaani Bahi, ina 619, na safu ya M ina -602. Tulianza na 100.

Mara yangu ya kwanza kukutana na kitu hiki nilikagua kanuni neno kwa neno usiku kucha, nikidhani nimekosea alama. Kanuni ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni hatua. Kwa dakika 20, hewa inayofika Dodoma imetoka kilometa 12 mashariki, yaani nje ya kipande cha jirani. Kanuni yetu inamuuliza jirani wa kwanza tu, na aliyeleta habari ni jirani wa pili. Kanuni inakisia jambo isilolijua, kosa linazaa kosa kubwa zaidi. Mikunjo midogo kabisa, ile ya juu-chini-juu kati ya kipande na kipande, inakua hadi mara 1.4 kila hatua. Hatua 20 za hivyo ni zaidi ya mara 800.

Sharti hili lina wenyewe: Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, waliolichapisha mwaka 1928. Kwa Kiswahili cha stendi: katika hatua moja, upepo usiruke kipande. Kwa kanuni yetu, namba ya B1 isizidi 1. Kwa mita 10 kwa sekunde na vipande vya kilometa 10, mwisho wako ni sekunde 1,000, dakika 16 na sekunde 40.

Na hapa ndipo ughali wa utabiri unapotokea. Ukitaka kuona vizuri zaidi, ukagawa kilometa 10 kuwa 5, vipande vinaongezeka mara mbili mashariki-magharibi na mara mbili kaskazini-kusini, na hatua ya muda lazima nayo ikatwe nusu. Mbili mara mbili mara mbili: kazi mara nane ili kuona mara mbili. Kumbuka hilo utakaposikia mtu akisema wanunue tu kompyuta kubwa.

Kwa modeli kamili hali ni ngumu zaidi, maana angani hakuna upepo tu. Sauti nayo inasafiri, kwa karibu mita 340 kwa sekunde. Ukiiacha sauti iamue, vipande vya kilometa 10 vinakudai hatua ya chini ya sekunde 30. Sauti haileti mvua, kwa hiyo watengenezaji wanaikwepa kwa mbinu: baadhi huifanyia hatua ndogondogo ndani ya hatua kubwa, ndivyo ifanyavyo WRF, modeli ya bure inayotumika nchi nyingi. Anayeiendesha WRF kwa kawaida huanza na sekunde sita kwa kila kilometa ya kipande. Vipande vya kilometa 10, sekunde 60.

Kabla hatujatoka hapa: wanafunzi wajanja huniuliza kwa nini tusimuulize jirani wa mashariki na wa magharibi wote wawili, tukachukua wastani. Jaribu. Rudisha 0.6, na C4 iwe =C3-$B$1/2*(D3-B3). Baada ya hatua moja tu C ina -30 na F ina 130, na haitulii hata ukipunguza hatua kiasi gani. Kuangalia pande zote mbili kunafaa, ila kunataka mbinu nyingine ya kupiga hatua katika muda. Tuiache.

Hatua ya tano: muulize abiria ametoka wapi

Kuna njia ya kupita juu ya sharti la akina Courant, na mimi naipenda kuliko zote. Nenda stendi ya Nanenane. Unaweza kusimama barabarani ukihesabu mabasi yanayoingia na kutoka kila dakika. Au unaweza kumngoja abiria ashuke, umuulize: umetoka wapi? Ukishajua alikotoka na hali ya huko alipoondoka, umemaliza.

Rudisha 1.2 na dakika 20. Hewa iliyopo K sasa hivi ilikuwa kilometa 12 mashariki dakika 20 zilizopita, kwenye kilometa 78. Pale hatuna kipande, tuna 80 na 70. Kilometa 78 iko karibu zaidi na 80, kwa hiyo chukua 0.8 ya J na 0.2 ya I. Kwa jedwali zima: B4 na C4 ziwe 0, na D4 iwe:

=0.8*C3+0.2*B3

Iburute kulia hadi V4, kisha mstari mzima chini. Hatua ileile ya dakika 20 iliyolipua modeli sasa inapita kimya, bila namba hasi wala 600. Unaweza hata kujaribu dakika 40: hewa inarudi kilometa 24, unachukua 0.6 ya kipande cha pili nyuma na 0.4 ya cha tatu. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati hutumia mbinu ya ukoo huu, na ndiyo maana hatua zake ni ndefu kuliko ambavyo ungetegemea. Mtawanyiko bado upo, kwa sababu bado tunapaka siagi. Unapungua ukikisia kwa vipande vinne badala ya viwili.

Kitu ambacho jedwali haliwezi kukwambia

Tumechukua vumbi na kulisafirisha kwa upepo tulioutaja sisi. Angahewa ya kweli inajisafirisha yenyewe: upepo unabeba joto, joto linabadilisha mgandamizo, mgandamizo unasukuma upepo. Lewis Fry Richardson aliyafanya yote hayo kwa kalamu wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akiwa dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1922. Alihesabu badiliko la mgandamizo kwa saa sita katika eneo moja la Ulaya ya kati, akapata hektopaskali 145. Siku hiyo kipimo halisi hakikusogea kwa maana yoyote.

Wengi humsingizia hatua ya muda. Sikubaliani. Kosa kubwa lilikuwa kwenye mstari wake wa 3, hali ya mwanzo: upepo na mgandamizo aliouingiza havikupatana, na hesabu ikayachukua magomvi yale kama mawimbi ya kweli. Mwaka 1950 Jule Charney, Ragnar Fjörtoft na John von Neumann walitumia kompyuta ya ENIAC na hesabu rahisi zaidi isiyoyaruhusu mawimbi hayo. Utabiri wa saa 24 uliwachukua karibu saa 24 kuukokotoa.

Kwetu kupatanisha upepo na mgandamizo ni kazi ya ziada. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda upepo hapa ni kama moja ya saba ya ile ya London. Kule ukijua mgandamizo unaukisia upepo vizuri. Hapa huwezi kuuamini ukisio huo. Ongeza kwamba mvua yetu, isiyofika milimita 600 kwa mwaka na iliyojazana kati ya Desemba na Aprili, inatoka kwenye mawingu yenye upana wa kilometa chache, yanayoingia mzima ndani ya kipande kimoja. Modeli hailioni wingu. Inakisia tu kwamba mahali fulani ndani ya kipande, pengine, lipo. Na milima ya Ukaguru, yenye vilele vya zaidi ya mita 2,000, ndani ya kipande cha kilometa 10 inakuwa kilima cha wastani.

Hatua ya mwisho: upepo unaopungua

Turudi kwa swali la mtoto. Rudisha dakika 10. Mstari wa 1, andika 0.6 kuanzia B1 hadi K1, na 0.3 kuanzia L1 hadi V1. Upepo unafika Dodoma kwa kasi, ukishapita mji unapungua nusu. Rudisha B4 iwe 0, C4 iwe =C3-C$1*(C3-B3), buruta kila mahali, halafu jumlisha mstari wa 28. Utapata karibu 150. Nusu ya vumbi imepotea, na hakuna lililodondoka.

Sasa badilisha C4 iwe:

=C3-C$1*C3+B$1*B3

Buruta. Jumla ni 300 tena. Tofauti ni kwamba hapa kila kinachotoka kwa mmoja kinaingia kwa mwenzake kwa kiasi kilekile, kama daftari la duka. Kanuni ya kwanza inafaa ukihesabu vumbi kwa kila kilo ya hewa. Ukihesabu uzito wa vumbi ndani ya kipande, ni hii ya pili, la sivyo unaibiwa kimyakimya. Modeli ikikosea hivi kwenye mvuke, inatengeneza au kuangamiza mvua bila mawingu, na hutajua hadi ujumlishe. Kwa hiyo kwenye safu ya X weka =SUM(B3:V3), uiburute chini, na uiache pale siku zote.

Tazama pia safu ya L na zinazofuata. Vumbi linarundikana, kwa sababu linaingia haraka na kutoka polepole. Hewa nayo ingefanya vivyo hivyo, isipokuwa hewa ya kweli haikubali kubanwa namna hiyo. Inapanda. Mchana wa Januari, hewa yenye unyevu ikibanwa hivyo magharibi ya mji, ndipo unapoona mawingu yakisimama kuelekea Bahi. Safu zako 21 hazina mahali pa kupanda. Fungua karatasi ya pili kwenye faili hilohilo, iwe tabaka la juu, kila kipande cha chini kiwe na jirani wa tatu wa kumpa hewa yake ya ziada, na uangalie X kama bado inasema 300 ukijumlisha karatasi zote mbili.